Ugaidi, misimamo mikali ya dini na mgogoro wa Waarabu na Wayahudi katika Afrika Mashariki

Ugaidi uliotokana na mgogoro wa Waarabu na Wayahudi katika Afrika Mashariki ni mfululizo wa utekaji nyara, milipuko ya mabomu na mashambulio mengine yaliyotokea Kenya, Uganda na Tanzania tangu miaka ya 1970, ambayo chanzo chake, au angalau kisingizio chake, kilikuwa ugomvi juu ya nchi ya Palestina. Matukio yanayojulikana zaidi ni utekaji wa ndege uliomalizikia Entebbe (1976), bomu la Hoteli ya Norfolk mjini Nairobi (1980), milipuko kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam (1998) na shambulio la Kikambala, kaskazini ya Mombasa (2002). Idadi kubwa ya waliokufa katika matukio hayo hawakuwa Wayahudi wala Waarabu. Walikuwa wenyeji wa nchi hizi: makarani, walinzi, wapita njia, wacheza ngoma na askari wa kawaida.

Maana ya maneno

Mada hii huchanganywa sana, kwa hiyo ni vema kutofautisha maneno kadhaa kwanza.

Myahudi ni mtu wa taifa au dini ya Kiyahudi, popote anapoishi. Mwisraeli ni raia wa dola la Israel lililoundwa mwaka 1948. Takriban mmoja kati ya watano wa raia hao ni Mwarabu. Mwisraeli wa leo si sawa na Mwisraeli wa Biblia, ingawa katika mahubiri na nyimbo za kwaya za Tanzania jina ni lile lile, na wasikilizaji wengi huunganisha mawili hayo bila kufikiri.

Mwarabu ni mtu ambaye lugha yake na utamaduni wake ni Kiarabu. Waarabu walio wengi ni Waislamu, lakini si wote. Wapalestina wana jumuiya za Kikristo za tangu karne za kwanza, na George Habash, mwanzilishi wa Chama cha Umma cha Ukombozi wa Palestina (PFLP), alizaliwa katika familia ya Wakristo Waorthodoksi. Kwa upande mwingine, Waislamu walio wengi duniani si Waarabu.

Gaidi katika Kiswahili cha zamani alikuwa mnyang'anyi au haramia. Maana ya kisiasa, yaani mtu anayeua au kutisha raia ili kuilazimisha serikali au jamii ifuate matakwa yake, imeenea zaidi katika miongo ya karibuni. Hakuna fasili moja ya ugaidi inayokubaliwa na nchi zote za Umoja wa Mataifa, na mgogoro wa Palestina ni mojawapo ya sababu kubwa za kutokubaliana huko.

Misimamo mikali ya dini ni hali ya mtu au kundi kuamini kwamba tafsiri yake ya dini ndiyo pekee ya haki, na kwamba inampa ruhusa ya kuwashurutisha au kuwadhuru wengine. Si kila mwenye imani kali ni gaidi, na si kila gaidi ana dini. Watekaji wa Entebbe walifuata itikadi ya Kimarx.

Asili ya mgogoro kwa ufupi

Mwishoni mwa karne ya 19 Wayahudi wa Ulaya, wakisukumwa na mateso hasa katika Urusi, walianzisha harakati ya Uzayuni iliyotaka nchi ya Wayahudi. Tarehe 2 Novemba 1917 Uingereza ilitoa Tamko la Balfour, ikiunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, nchi ambayo wakazi wake walio wengi walikuwa Waarabu. Baada ya mauaji ya Wayahudi takriban milioni 6 chini ya utawala wa Wanazi, Umoja wa Mataifa ulipiga kura tarehe 29 Novemba 1947 kuigawa Palestina kuwa nchi mbili. Wayahudi walikubali, Waarabu walikataa. Israel ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na vita ikafuata. Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao. Wao huiita Nakba, yaani msiba mkuu. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu ya Wayahudi nao waliondoka au kufukuzwa kutoka nchi za Kiarabu kama Iraki, Yemeni na Misri.

Katika vita ya Juni 1967 Israel iliteka Ukingo wa Magharibi, Gaza, Yerusalemu ya Mashariki, Sinai na nyanda za juu za Golan. Ukombozi wa Palestina wakati huo ulikuwa suala la ardhi na utaifa zaidi kuliko dini. Dini ilijitokeza kwa nguvu baadaye, na kwa pande zote mbili. Chama cha Hamas, kinachofuata siasa ya Kiislamu, kiliundwa mwaka 1987. Tarehe 25 Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi, Baruch Goldstein, aliua Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika msikiti wa Hebroni. Tarehe 4 Novemba 1995 waziri mkuu wa Israel Yitzhak Rabin aliuawa na Myahudi mwenye msimamo mkali, Yigal Amir, aliyepinga mapatano na Wapalestina, kama vile rais wa Misri Anwar Sadat alivyouawa na Waislamu wenye msimamo mkali tarehe 6 Oktoba 1981 baada ya kufanya amani na Israel. Viongozi hao wawili hawakuuawa na adui zao wa vitani, bali na watu wa dini zao wenyewe.

Afrika Mashariki kabla ya miaka ya 1970

Uhusiano wa eneo hili na mgogoro huo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi huko Kishinev, waziri wa makoloni wa Uingereza Joseph Chamberlain aliwapa Wazayuni pendekezo la kuhamia Afrika Mashariki. Mpango huo huitwa "Mpango wa Uganda", lakini eneo lenyewe lilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi Agosti 1903 ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma wachunguzi. Mkutano wa mwaka 1905 ulikataa mpango huo. Katika mjadala wote huo Wanandi na Wamasai, wenye malisho yao huko, hawakuulizwa neno.

Jambo la pili halifahamiki sana. Kabla ya mwaka 1948 makundi ya Kiyahudi ya Irgun na Lehi yalipigana na Waingereza kwa mabomu na mauaji ya siri. Tarehe 22 Julai 1946 Irgun walilipua Hoteli ya King David mjini Yerusalemu na kuua watu 91, wakiwemo Waarabu, Waingereza na Wayahudi. Waingereza waliwaita magaidi, wakawahamishia mamia ya wafungwa wao katika kambi za Eritrea, Sudan na hatimaye Gilgil nchini Kenya, ambako walikaa mwaka 1947 hadi 1948. Mmojawapo wa waliohamishiwa Afrika, Meir Shamgar, alikuja kuwa rais wa Mahakama Kuu ya Israel. Ndiye aliyeongoza tume iliyochunguza mauaji ya Hebroni, na baadaye tume iliyochunguza kuuawa kwa Rabin.

Baada ya uhuru, Israel ilikuwa rafiki wa karibu wa serikali za Afrika Mashariki. Katika Tanganyika wataalamu wake walisaidia vyama vya ushirika na uanzishaji wa Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na Hoteli ya Kilimanjaro ya Dar es Salaam ilichorwa na wasanifu wa Kiisraeli. Urafiki huo ulidhoofika baada ya vita ya 1967 na kukatika katika vita ya Oktoba 1973, ambapo karibu nchi zote za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel. Uganda ilikuwa imetangulia mwaka 1972 chini ya Idi Amin.

Dar es Salaam na swali la nani ni gaidi

Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia mwaka 1963. FRELIMO, ANC na vyama vingine vilikuwa na ofisi humo, huku serikali za Ureno na Afrika Kusini zikiviita vya kigaidi. Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO) kilifungua ofisi yake mjini humo mwaka 1973. Kwa serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, Wapalestina walikuwa watu walionyang'anywa nchi yao, sawa na Waafrika wa kusini mwa bara. Kwa Israel na Marekani, PLO kilikuwa chama cha magaidi, na ni kweli kwamba baadhi ya makundi yaliyokuwa ndani yake yaliteka ndege na kuua raia.

Msimamo wa Tanzania ulitenganisha haki ya kudai nchi na njia inayotumiwa kuidai. Utenganisho huo ni rahisi kuuandika, ni vigumu kuutekeleza: katika vita ya Kagera ya 1978–1979 baadhi ya wapiganaji wa Kipalestina walikuwa upande wa Amin, pamoja na askari wa Libya, wakipigana na jeshi la nchi iliyowapa ofisi. Hata hivyo Tanzania iliitambua Palestina kama dola mwaka 1988. Uhusiano na Israel ulirudishwa mwaka 1995, na mwezi Mei 2018 Tanzania ilifungua ubalozi wake mjini Tel Aviv.

Entebbe, 1976

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya shirika la Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kutua Athens. Ilikuwa na abiria 248 na wafanyakazi 12. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili wa kundi lililotokana na PFLP, na Wajerumani wawili wa kundi la siasa za mrengo wa kushoto, Wilfried Böse na Brigitte Kuhlmann. Ndege ilipitia Benghazi, Libya, na kufika Entebbe tarehe 28 Juni, ambapo wenzao wengine waliungana nao. Amin, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliwapokea na askari wake wakasaidia kuwalinda mateka.

Watekaji walidai kuachiliwa kwa wafungwa 53. Wengi walikuwa katika magereza ya Israel, lakini watano ilisemekana wako Kenya. Hao walikuwa wamekamatwa Nairobi mwezi Januari 1976 wakiwa na makombora ya kutungulia ndege ya Israel. Kenya ilikuwa imewakabidhi kwa Israel kimya kimya.

Tukio lililoacha kumbukumbu chungu zaidi ni kutenganishwa kwa mateka. Majina ya Waisraeli yalisomwa, wakaamriwa kuingia chumba cha pili. Baadhi ya mateka walikuwa wamenusurika kambi za Wanazi miaka thelathini tu kabla, na sasa walisikia tena Mjerumani mwenye bunduki akiita majina. Abiria wengine waliachiliwa kwa mafungu mawili. Nahodha Michel Bacos na wafanyakazi wake walikataa kuwaacha abiria waliobaki.

Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai makomando wa Israel walifika kwa ndege nne za Hercules. Walifahamu ramani ya jengo la abiria kwa kuwa kampuni ya Kiisraeli ndiyo iliyolijenga. Waliokoa mateka 102. Watekaji wote waliuawa, pamoja na mateka watatu, kamanda wa kikosi Yonatan Netanyahu na askari wa Uganda wanaokadiriwa kati ya 20 na 45. Ndege za kivita za Uganda ziliharibiwa uwanjani. Wakati wa kurudi, ndege za Israel zilitua Nairobi kujaza mafuta.

Mateka mmoja, bibi Dora Bloch, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago kabla ya uvamizi. Aliuawa kwa amri ya utawala wa Amin. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, baada ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kumwondoa Amin madarakani.

Masimulizi mengi ya Entebbe, na filamu zake, humalizikia pale ndege zinapopaa. Kwa Afrika Mashariki mambo hayakuishia hapo. Amin aliwalipizia kisasi Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda: mamia waliuawa na maelfu walikimbia kuvuka mpaka. Tarehe 24 Mei 1978 Bruce McKenzie, waziri wa zamani wa kilimo wa Kenya aliyehusishwa na msaada kwa Israel, aliuawa kwa bomu lililotegwa katika ndege ndogo aliyopanda akitoka Uganda.

Norfolk, 1980

Jioni ya tarehe 31 Desemba 1980, watu wakisherehekea mwaka mpya, bomu lililipuka katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi. Watu wapatao 20 walikufa na wengine zaidi ya 80 kujeruhiwa. Hoteli hiyo ilikuwa mali ya familia ya Block, Wayahudi wa Kenya. Mtuhumiwa mkuu, mwenye pasipoti isiyo yake, alikuwa ameshaondoka nchini kabla ya mlipuko. Lilichukuliwa na wengi kuwa kisasi kwa Kenya kwa ajili ya msaada wake wakati wa Entebbe.

Mabadiliko ya miaka ya 1990: dini yachukua nafasi

Kati ya Norfolk na mwaka 1998 namna ya ugaidi ilibadilika. Makundi ya miaka ya 1970 yaliteka ndege ili kupata kitu fulani: wafungwa, fedha, habari kwenye magazeti. Yalikuwa na orodha ya madai na muda wa mwisho, kwa hiyo palikuwa na la kujadiliana. Al-Qaida, iliyozaliwa katika vita ya Afghanistan, haikuwa na orodha ya namna hiyo. Mwezi Februari 1998 Osama bin Laden na wenzake walitangaza vita dhidi ya "Wayahudi na Wapiganaji wa Msalaba". Palestina ilitajwa, lakini kama sehemu ya vita moja ya dunia nzima kati ya Uislamu na maadui zake.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, magari yenye mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana kwa dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, kati yao Wamarekani 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja miongoni mwao. Mjini Nairobi gruneti lilirushwa kabla ya bomu kubwa. Watu wa ofisi za jirani waliposikia kishindo walikwenda madirishani kutazama, na vioo vilipopasuka wengi walipoteza macho. Mjini Dar es Salaam gari la maji lililokuwa langoni lilizuia lori la bomu lisiingie ndani, na hiyo ni sababu mojawapo ya idadi ya vifo kuwa ndogo kuliko ya Nairobi. Jengo lenyewe, katika barabara ya Laibon, lilikuwa ubalozi wa Israel kabla ya uhusiano kukatika. Marekani ilihamia humo mwaka 1980.

Miongoni mwa waliohukumiwa wamo Watanzania wawili kutoka Zanzibar. Khalfan Khamis Mohamed alifungwa maisha nchini Marekani mwaka 2001. Ahmed Khalfan Ghailani alikamatwa Pakistan mwaka 2004; mahakama ya New York ilimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280 isipokuwa moja, na kwa hilo moja alifungwa maisha mwezi Januari 2011. Mwislamu aliyedai kuwatetea Waislamu wa Palestina kwa kulipua mtaa wa Nairobi alikuwa ameua Waislamu pia: mlipuko haukuchagua dini.

Kikambala, 2002

Shambulio la Kikambala ndilo lililolenga Waisraeli moja kwa moja zaidi katika pwani ya Waswahili. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 28 Novemba 2002 watalii wa Kiisraeli wapatao 140 waliowasili kwa ndege ya shirika la Arkia walifika katika Hoteli ya Paradise, Kikambala, iliyomilikiwa na Waisraeli. Wacheza ngoma wa Kigiriama walikuwa mlangoni kuwapokea, kama ilivyokuwa desturi ya hoteli hiyo. Gari la Pajero lilivunja kizuizi na kulipuliwa mbele ya ukumbi wa mapokezi. Mbali na washambuliaji, walikufa watu 13: Wakenya 10 na Waisraeli 3, wawili kati yao wakiwa watoto. Watu wapatao 80 walijeruhiwa, na hoteli iliteketea, kwani mapaa ya makuti yalishika moto haraka.

Karibu muda ule ule makombora mawili ya begani yalifyatuliwa kuelekea ndege ya Arkia iliyokuwa ikipaa kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, na abiria 261. Yote mawili yalikosa. Kama yangepata, lingekuwa tukio baya kuliko yote yaliyotajwa katika makala hii.

Kundi lililojiita Jeshi la Palestina lilidai kuhusika kwanza, na baadaye al-Qaida. Wapangaji walitajwa kuwa Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Komoro ambaye pia alipanga milipuko ya 1998, na Saleh Ali Saleh Nabhan wa Mombasa. Wote wawili waliuawa Somalia, Nabhan mwaka 2009 na Fazul mwaka 2011. Wakenya wanne walioshtakiwa kwa mauaji waliachiliwa na mahakama mwezi Juni 2005 kwa kukosa ushahidi.

Hasara ya wenyeji haikuwa ya roho tu. Utalii wa pwani ulishuka, na mwezi Mei 2003 shirika la ndege la British Airways lilisimamisha safari za Kenya kwa muda kwa hofu ya shambulio jingine. Wahudumu wa hoteli, wavuvi waliouza samaki jikoni, wachonga vinyago na madereva walikosa kazi. Katika eneo ambalo hoteli ni mwajiri mkubwa, hiyo ilimaanisha ada za shule kutolipwa.

Al-Shabaab na jina la Yerusalemu

Mashambulio ya al-Shabaab ya Somalia yana sababu nyingine, hasa kuwepo kwa majeshi ya Afrika Mashariki nchini humo: Kampala tarehe 11 Julai 2010 (waliokufa 74), Westgate mjini Nairobi Septemba 2013 (67), Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015 (148). Hata hivyo jina la Palestina liliendelea kutumiwa. Waliposhambulia jengo la DusitD2 mjini Nairobi Januari 2019 na kuua watu 21, walisema wanajibu uamuzi wa rais Donald Trump wa kuitambua Yerusalemu kuwa mji mkuu wa Israel. Waliouawa walikuwa karibu wote Wakenya, ambao hawakushiriki katika uamuzi huo.

Westgate na Garissa washambuliaji walijaribu kuwatenga Waislamu na Wakristo, sawa na majina yalivyosomwa Entebbe. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lilipovamiwa karibu na Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa. Waliwapa Wakristo hijabu za kujifunika na kuwaambia wavamizi wawaue wote au wawaache. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwislamu, alipigwa risasi na kufariki mwezi uliofuata.

Sheria na malalamiko ya raia

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. Kenya ilichelewa hadi 2012, kwa kuwa muswada wa 2003 ulipingwa na viongozi wa Kiislamu pamoja na watetezi wa haki za binadamu walioona unaweza kutumiwa dhidi ya jamii moja. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 2007 watu waliokamatwa katika mpaka wa Kenya na Somalia walipelekwa nje ya nchi bila kufikishwa mahakamani. Sheikh Aboud Rogo, mmoja wa wanne walioachiliwa katika kesi ya Kikambala, aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa Julai 2012 kwa kuisaidia al-Shabaab, na tarehe 27 Agosti mwaka huo aliuawa kwa risasi barabarani mjini Mombasa. Ghasia zilizuka na makanisa yakaharibiwa. Mahubiri yake yalikuwa ya chuki, lakini kuuawa kwake bila hukumu kuliwapa wafuasi wake shahidi wa kumlilia, jambo ambalo kesi ya haki isingeweza kufanya.

Mikoa ya bara na Oktoba 2023

Mkoa wa Simiyu haukuhusika katika matukio haya. Mtu wa Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima, au wa Bariadi, huufahamu mgogoro huu kwa njia ya redio, simu, kanisa na msikiti. Mwarabu aliyefahamika katika miji ya Usukuma tangu zama za ukoloni ni mwenye duka, mwenye asili ya Omani au Yemeni, azungumzaye Kisukuma na wateja wake. Hana uhusiano na Gaza zaidi ya jirani yake mkulima wa pamba. Kumwita kwa jina la ugomvi wa mbali ni kosa la aina ile ile iliyoelezwa hapo juu, ingawa kwa kiwango kidogo.

Umbali huo ulipungua ghafla tarehe 7 Oktoba 2023. Hamas na makundi mengine yalivamia kusini mwa Israel, yakaua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Wakati huo mamia ya vijana wa Kitanzania walikuwa Israel wakijifunza kilimo kwa vitendo. Wawili kati yao, waliokuwa wamefika mwezi mmoja tu kabla, walikuwa katika vijiji vya kijamaa vya Nirim na Nahal Oz, jirani na mpaka wa Gaza. Mmoja, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alithibitishwa kufariki mwezi Novemba na kuzikwa Rombo, Kilimanjaro. Kifo cha wa pili, kijana wa mkoa wa Manyara, kilithibitishwa Desemba 2023, lakini mwili wake ulibaki Gaza. Familia yake ilingoja karibu miaka miwili, huku vita ya Israel ikiua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza, wengi wao wanawake na watoto. Mwili ulirudishwa mwezi Novemba 2025, baada ya mapatano ya kusimamisha vita ya Oktoba mwaka huo.

Wayahudi wa Mbale

Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaishi Abayudaya, Waafrika waliofuata dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 chini ya kiongozi wao Semei Kakungulu. Idi Amin alipiga marufuku ibada zao, na wengi wakahamia dini nyingine. Waliobaki walisali kwa siri. Jirani zao ni Wakristo na Waislamu. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliyekuwa New York siku ya mashambulio ya 11 Septemba 2001, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba wakulima wa dini zote tatu wauze kahawa yao pamoja. Walianzisha chama cha ushirika kinachoitwa Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya "amani tamu", wakauza kahawa yao Marekani kwa bei nzuri kuliko waliyokuwa wakilipwa na walanguzi.